Karai la Maji Kando ya Kitanda

Kazi yangu ni ukalimani wa hospitalini, hapa Marekani, kwenye mji mmoja wa Midwest ambao wakimbizi wa Kongo wamehamia kwa wingi. Mie ni mtu wa Tanga. Kiswahili changu na cha wateja wangu ni watoto wa baba mmoja, mama mbalimbali: tunaelewana, ila haipiti siku bila neno moja kutukalisha chini. Nasimama upande wa kichwa cha mgonjwa. Daktari akisema "mimi", nami nasema "mimi". Mgonjwa akisema "nimechoka na nyie", namgeukia daktari na kumwambia kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba nimechoka na nyie. Siongezi wala sipunguzi, ndiyo sheria ya kazi.

Haya ninayoyaandika nimeyaombea ruhusa kwa mwenyewe. Alisema, "Andika, lakini jina langu uliache." Mambo mawili matatu nimeyageuza ili hata jirani yake asimtambue. Nitamwita Mzee Fundi, kwa sababu miaka mingi aliyokaa kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu mkoani Kigoma, alikuwa akitengeneza baiskeli chini ya mti. Yeye huziita kinga, kama wanavyosema kwao. Phoenix na Hero zote zilipita mikononi mwake, na sijawahi kumsikia akisifu moja bila kuitukana nyingine.

Hukohuko kambini aliwahi kuugua kifua kikuu. Akameza dawa, akamaliza dozi, akapona. Tatizo ni kwamba kifua kikuu kikiisha hakiondoki na vyombo vyake vyote. Sehemu ya juu ya pafu lake la kulia ilibaki na makovu, mashimo, na vifuko vya hewa vyenye kuta nyembamba kama karatasi. Aliishi navyo miaka na miaka bila habari. Halafu asubuhi moja ya baridi kali, akikohoa tu, akasikia kama amechomwa kisu ubavuni, na pumzi ikakata. Kifuko kimoja kilikuwa kimepasuka.

Nieleze kidogo hapo, maana bila hili mengine hayatakaa sawa. Pafu limefunikwa na utando, na ukuta wa kifua kwa ndani nao una utando wake. Katikati ya tando hizo mbili kuna majimaji kidogo sana, na msukumo wa mahali pale uko chini kuliko wa hewa ya nje. Mvuto huo ndio unaolishikilia pafu likabaki limetanuka, vile vioo viwili vilivyolowa vinavyonatana. Hewa ikipenya katikati, mvuto unakufa na pafu linajikunja. Dawa ya kwanza ni bomba: linapitishwa baina ya mbavu mbili hadi kwenye uwazi ule, na ncha ya pili inaishia ndani ya maji. Hewa inatoka ikibubujika, ila haiwezi kurudi kwa sababu maji yameifungia mlango. Gotthard Bülau, daktari wa Hamburg, alikuwa akiitumia mbinu hii katika miaka ya 1870. Chupa yake ya kioo imegeuka kuwa sanduku la plastiki lenye namba, lakini maji ni yaleyale.

Basi siku ya kwanza daktari anaingia, anainama kulitazama sanduku, anamwambia mgonjwa akohoe. Mapovu yakafumka kwenye safu zenye namba 1 hadi 5. Akasema kuna hewa inayovuja. Nikakalimani: "Pafu lako linavuja hewa." Mzee akanitazama kama niliyemtukana. Kwake kinachovuja ni dumu, au paa. Akauliza:

"Mutafsiri, mupepo iko natoka wapi?"

Halafu akajiinua kidogo, akaona yale mapovu, akacheka mpaka maumivu yakamkamata na muuguzi akamrudisha kwenye mto. "Aa! Hii ni karai!"

Wewe uliyekulia kwenye gari la baba yako huenda hujui. Fundi baiskeli hatafuti pancha kwa macho. Anautoa mpira wa ndani, anaujaza upepo, anauzamisha kipande kwa kipande kwenye karai la maji. Mapovu yanapotokea ndipo penye tundu. Mzee Fundi alikuwa ameifanya kazi hiyo mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye, na sasa mpira ni yeye, karai liko sakafuni kando ya kitanda chake. Nilimkalimania daktari kila kitu, pamoja na karai. Daktari, mwanamke mdogo wa umbo asiyependa kupoteza dakika, akavuta kiti akakaa. Kuanzia hapo hatukutumia tena "kuvuja hewa". Tulisema pancha.

Nina neno moja la pembeni. Tuna watu wenye elimu kubwa wanaokaa kutunga istilahi za tiba kwa Kiswahili, na sina ugomvi nao. Lakini saa ya kumweleza mtu kilicho ndani ya kifua chake, gereji na jiko vimenisaidia kuliko orodha yoyote niliyowahi kupewa.

Pancha nyingi za pafu huziba zenyewe kwa siku chache. Ikipita siku ya 5 hadi ya 7 mapovu hayajakoma, madaktari huanza kuiita ya muda mrefu, na mazungumzo yanabadilika. Ya Mzee Fundi ilifika siku ya 8. Mkewe alikuwa akishinda pale na kitenge chake magotini, akiyatazama mapovu vile mtu anavyotazama sufuria ya maharage isiyotaka kuiva.

Walijaribu kwanza kiraka cha damu. Walimtoa damu mkononi, mililita 100 hivi, wakairudisha papo hapo kupitia bomba la kifuani, ili igande juu ya tundu na kuamsha tando mbili zishikane. Mama aliuliza mara mbili kama nimekosea: damu yake mwenyewe, irudishwe kifuani? Mzee akamjibu kabla sijafungua mdomo, kwa jina la gundi ya kuzibia pancha: "Ni solusheni hiyo." Wazo zuri, na kwa wengi linafanya kazi. Kwake mapovu yalipungua usiku mmoja, asubuhi yakarudi.

Upasuaji? Daktari wa upasuaji alikuja, akatazama picha, akasema mapafu yaliyobaki hayana akiba ya kutosha kumvusha salama. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu la kwanza. Daktari mmoja wa zamu, akizungumza na mwenzake mbele ya mgonjwa, alilitaja tatizo kwa jina lake la kitabuni, na kwa kuwa nakalimani kila kinachosemwa chumbani, nikasema: fistula. Mama akanyanyuka. Yeye ni wa Kivu Kusini, na mtu wa Kivu Kusini neno hilo halihitaji kufafanuliwa. Ni neno la Panzi, hospitali ya Bukavu ambako Dk. Denis Mukwege na wenzake wamewatibu maelfu ya wanawake waliojeruhiwa kwa kubakwa au kwa uzazi. "Fistula ni ya wanawake! Mwanaume anapataje fistula?" Nikaomba ruhusa ya kusema kwa nafsi yangu, jambo ambalo mkalimani halifanyi ovyo, nikamweleza daktari kilichotokea. Ikabidi arudi nyuma afafanue: fistula ni njia yoyote isiyo ya haki baina ya vyumba viwili vya mwili visivyopaswa kuonana. Hii ni kati ya njia ya hewa na uwazi wa kifua. Mama alikaa, ila niliona neno halijamtoka mwilini.

Ndipo akaletwa daktari wa bronkoskopu. Kifaa chenyewe ni bomba jembamba linaloinama, lina taa na kamera nchani, linapitishwa mdomoni au puani kushuka kwenye njia za hewa. Historia yake naipenda. Mwaka 1897, kule Freiburg, Gustav Killian alichungulia njia ya hewa ya mkulima mmoja kwa bomba la chuma lililonyooka na kumtoa mfupa wa nguruwe. Ilipofika miaka ya 1960, Shigeto Ikeda wa Tokyo akaleta bomba linalojipinda, lenye nyuzi za kioo za kupitishia mwanga. Kutoa mifupa na kutazama uvimbe kulizoeleka. Kuingia kwa njia hiyo ili kutibu pancha iliyo upande wa pili wa pafu, hilo lilichukua muda.

Daktari huyu alieleza hivi: tutaingia, tutafunga njia inayopeleka hewa kwenye tundu. Mzee Fundi akamkatiza. Nitakumbuka siku zote alivyokuwa na heshima na ukali kwa pamoja.

"Docta, samahani. Ukishajua tundu liko wapi, kwa nini usizibe tundu lenyewe? Mimi siwezi kumfungia mtu barabara kwa sababu nyumba yake inavuja."

Nadhani hilo ndilo swali la maana kuliko yote niliyowahi kukalimani. Daktari alikaa kimya kidogo. Njia ya hewa, alisema, ni kama mti uliopinduliwa. Kutoka kooni hadi kwenye vifuko vya mwisho inagawanyika mara 23 hivi. Bronkoskopu ya kawaida ina unene wa milimita 5 au 6, kwa hiyo inakwama baada ya matawi machache tu. Tundu lako liko kwenye majani, huko pembeni kabisa, na kamera yangu haifiki hata kwenye vijiti. Kuna matundu makubwa yaliyo karibu na shina, hasa kwa watu waliokatwa pafu na kidonda cha mshono kikafumuka. Hayo yakionekana kwa macho tunaweza kuyatia gundi, na wapo walioyaziba kwa kifaa cha Amplatzer, ambacho mafundi wa moyo wanakitumia kufunga matundu ya moyo. La kwako siwezi kulifikia. Lakini silazimiki kulifikia. Linashindwa kufunga kwa sababu kila ukivuta pumzi hewa inapita palepale na kufumua kilichoanza kushikana. Nikiizuia hewa isipite, mwili wako utaziba wenyewe.

Mzee alifikiri. "Kwa hiyo kidonda mnakipumzisha."

"Ndiyo."

"Na kipande kile cha pafu hakitapumua?"

"Kwa wiki 6 hivi, hakitapumua."

Akaitikia kwa kichwa. Fundi aliyesikia maelezo ya fundi mwenzake hana haja ya kubembelezwa.

Kisha tukafika kwenye karatasi za kuridhia, na hapo kosa langu la pili. Kifaa chenyewe cha kufungia njia ile ni vali, yaani mlango wa upande mmoja, ndogo yenye umbo la mwavuli. Mwaka 2008 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu kwa pancha za muda mrefu zinazofuata baadhi ya upasuaji wa mapafu, kwa utaratibu maalumu wa vifaa vya magonjwa ya watu wachache: wasiozidi 8,000 kwa mwaka nchini kote, kwa hesabu ya sheria ya sasa. Mtengenezaji anatakiwa kuonyesha kuwa kifaa ni salama na kwamba faida inayotarajiwa inazidi madhara. Halazimiki kuthibitisha ufanisi kwa ushahidi mzito unaodaiwa kwa vifaa vingine. Sasa, jina la utaratibu huo kwa Kiingereza limebeba neno la ubinadamu. Nami, nikikimbizana na karatasi, nikasema "kifaa cha msaada wa kibinadamu".

Chumba kikanyamaza. Mzee Fundi amekula msaada wa kibinadamu miaka mingi: unga, maharage, mafuta ya kupimwa kwa kikombe. Akauliza polepole, "Hii ni ile ya wakimbizi? Wenyeji wanawekewa ingine?"

Niliona haya kiasi cha kutaka kutoka. Nikakiri kwa daktari kwamba kosa ni langu, tukaanza upya. Hapana, wenyeji wanawekewa hiyohiyo. Daktari hakuficha na la pili: wewe hukupasuliwa, kwa hiyo nakitumia nje ya kile kilichoandikwa kwenye ruhusa, na haya ndiyo ninayoyajua na haya ndiyo nisiyoyajua. Akataja utafiti mmoja uliochapishwa 2009, wa vali za aina nyingine, kwa wagonjwa 40. Mapovu yalikoma kabisa kwa asilimia 47.5, yakapungua kwa asilimia 45. Akasema pia kwamba watu hao hawakulinganishwa na kundi lisilowekewa vali, hivyo wangapi wangepona wenyewe kwa kungoja, utafiti ule hausemi. Kuna madaktari wangeipita sentensi hiyo haraka. Yeye aliisema taratibu, akanisubiri niimalize.

Mzee akatia sahihi.

Siku yenyewe niliruhusiwa kukaa naye hadi usingizi ulipomchukua. Yaliyofuata alituhadithia daktari baadaye, mie na mama tukiwa kwenye viti vya korido. Kwanza ilibidi waitafute njia. Unapitisha puto dogo, unalitanua kwenye tawi moja la njia ya hewa mpaka lizibe, halafu unangoja na kutazama sanduku. Mapovu yakiendelea, si hapo. Unalifyonza puto, unahamia tawi la pili. Pafu la kulia lina sehemu kuu 3, na ile ya juu ina matawi 3 yake. Kila puto lilipowekwa, mtu mmoja kazi yake ilikuwa kutazama maji tu. Kwenye mlango wa sehemu ya juu mapovu yalizimika karibu yote. Walipojaribu tawi mojamoja hayakuzimika, yalipungua tu, kwa sababu kwenye pafu bovu vipande vya jirani hupitishiana hewa kwa vijia vya ndani. Kwa hiyo waliweka vali 3, moja kwa kila tawi.

Na vali hii ndiyo iliyomnyima Mzee Fundi usingizi, kwa raha. Alipoamka alitaka nimtafsirie picha yote. Fito zake ni za nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani unaokumbuka umbo lake: unaukunja ukapita ndani ya mrija mwembamba, ukiuachia unafunguka. Juu yake umetandazwa utando laini. Ukivuta pumzi ndani, hewa inausukuma mwavuli unatanuka na kubana kuta, mlango unafungwa. Ukitoa pumzi, kingo zinalegea, hewa iliyonaswa na makohozi yanapita pembeni kutoka. Hilo la makohozi si dogo. Japani Yoichi Watanabe alibuni vizibo vya silikoni vyenye vichunusi, na vimewasaidia wengi, lakini kizibo ni kizibo: kilicho nyuma yake hakina pa kutokea.

"Wameiweka kinyume," Mzee akasema.

Kinyume vipi? Akanieleza mie, wala si daktari, na ilibidi baadaye niombe radhi kwa mazungumzo ya pembeni. Kwenye kinga kuna kale kampira kembamba kanakovalishwa kwenye nozeli. Ukipiga pampu, upepo unakatanua unaingia. Ukiacha, upepo wa ndani unakabana, hautoki. Kampira ka senti chache, bila hako baiskeli haiendi. Hii ya kifuani inafanya vilevile, ila inaruhusu kutoka na kukataza kuingia. Nilipomkalimania daktari, akafungua simu yake akatuonyesha vali ya Heimlich, yule yule Henry Heimlich wa kumminya tumbo mtu aliyepaliwa ili kilichomkwama kitoke. Ni kampira bapa ndani ya kijibomba cha plastiki, cha kuunganisha na bomba la kifuani ili mgonjwa atembee bila sanduku la maji. Mzee akaitazama sana. "Huyu alikuwa fundi," akasema.

Mapovu hayakukoma siku ile. Nasema hivi kwa wale wanaongoja muujiza. Siku ya kwanza yalibaki kwenye safu ya 1, na alipokohoa yakaruka hadi ya 2. Siku ya pili yalitokea akikohoa tu. Siku ya tatu mama aliniita nikiwa mlangoni bado sijanawa mikono, akanionyesha sanduku kwa kidole. Maji yamelala. Wakangoja zaidi, wakapiga picha, wakalitoa bomba.

Aliruhusiwa na masharti. Asipande ndege hadi aambiwe. Homa au makohozi yaliyobadilika rangi, aje mara moja, kwa sababu nyuma ya vali panaweza kuota nimonia. Na la mwisho, ambalo lilinifanya nirudie mara mbili nikidhani nimesikia vibaya: ukikohoa ukatoa kitu kama mwavuli mdogo, usikitupe, kilete. Huwa zinang'oka mara mojamoja. Mama alitenga kikopo cha plastiki kwa kazi hiyo, akakiweka juu ya friji.

Hakikutumika. Baada ya wiki 6 wakaingia tena, wakazishika vali kwa koleo dogo kwenye kishina chake cha katikati, mojamoja, wakazitoa zote 3. Nilikuwepo alipoamka. Daktari alizileta kwenye kibakuli cha chuma, akijua ataulizwa. Kila moja ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, zimelowa makohozi. Mzee Fundi akavaa miwani, akazigeuza kwa kijiti cha pamba alichopewa na muuguzi. Alitazama utando, akatazama fito, akahesabu kwa sauti ya chini. Kisha akaniambia nimuulize muuguzi kama anaweza kupata maji kidogo kwenye bakuli lingine, na bomba la sindano lisilo na sindano.

"Ya nini?" muuguzi akauliza.

"Ya kupima," akasema. "Kama bado zinashika."

Muuguzi akamtazama daktari. Daktari akatazama saa yake, akachomoa glovu mpya kwenye boksi la ukutani, akasema dakika 5 tu.